Kahawa ya Nyeri

Ijumaa iliyopita tuliamkia mahemani, ufuoni kusini mwa Al Wakrah, mji ulio karibu na Doha, watu watatu na baiskeli zetu. Mwenzetu Mganda, mfanyakazi wa hoteli, alikuwa ameinama juu ya jiko dogo la gesi, upepo ameukinga kwa mikoba ya baiskeli. Alisaga kahawa kwa kinu cha mkono, akayaacha maji yaliyochemka yatulie, kisha akayamimina polepole kwenye kitambaa cha kuchujia.

Mwenzetu wa pili, muuguzi Mkenya, aliisoma pakiti ya kahawa kwanza.

"Hii imetoka Nyeri," akasema. "Kwetu."

"Basi onja, utuambie kama nimeipatia."

"Nitajuaje? Mimi na mama tulikuwa tunachuma tu, vikapu kiunoni, tunapeleka kiwandani. Nyumbani tulikunywa chai."

Akanywa. Akakikumbatia kikombe kwa mikono miwili. Kisha akampigia mama yake simu. Walizungumza Kikuyu, naye akatutafsiria baadaye.

"Ina ladha gani?" mama aliuliza.

"Chungu kidogo, mama. Halafu inanukia kama shamba letu likitoa maua."

Mama akasema, "Ukija likizo, uje nayo unipikie, na mimi nionje."

Sisi wa Doha tumezoea kuagizwa na watu wa nyumbani simu na manukato. Huyu ameagizwa apeleke kahawa ya Nyeri hadi Nyeri, na kwa jinsi nilivyomwona akikunja hema, angeondoka siku ileile, kwa baiskeli.