Treni Niliyoipiga kwa Mdomo

Mi ndiye niliyewatoa chini ya paa. Si mvua, si wale waliowafukuza kwenye nyumba zao. Ni mi, na huu mdomo wangu!

Shule yetu hapa Kolwezi haifundishi tena. Madarasani zinalala familia zenye asili ya Kasai, zilizofukuzwa mjini kwa ajili ya kabila lao, zinangoja treni ya kuwarudisha kwa babu zao, ambako wengi hawajawahi kufika. Waliokosa nafasi wanalala barazani. Mbuyi, rafiki yangu wa benchi moja, alikuwa ndani na mama yake na mdogo wake. Kona yao ni ileile tuliyokuwa tunasinzilia saa ya hesabu.

Mi najua kuiga honi ya treni. Hata mwalimu wa jiografia alishakimbilia dirishani! Basi, mchana mmoja, watu wamenuna, nikasema niwachekeshe. Nikajificha nyuma ya vyoo: puuuuu!

Hakuna aliyecheka.

"Treni! Treni iko ku gare!"

Mafurushi kichwani, mbio. Mama Mbuyi alimwachia mkeka wake mama mmoja wa barazani, mwenye kichanga. "Ingia, mama. Bakia na Mungu."

Gare, yaani stesheni, ilikuwa tupu. Walirudi wamelowa chapachapa, wakakuta kona ina mwenyewe, kichanga kimelala.

"Mwambie atoke!" watu wakamwambia Mama Mbuyi.

"Mi nimutoshe? Mi mwenye najua vile kufukuzwa kunauma? Hapana."

Akakaa barazani, mvua ikimpiga miguuni.

Nilikimbia nyumbani. "Papa, tuwalaze hata jikoni!"

"Weye mutoto, unataka bale benye kubafukuza batuchomee nyumba?" Akafunga mlango.

Kesho yake niliwapelekea bukari, ugali wetu. Mdogo wake Mbuyi alikuwa anakohoa, analia, hanyamazi.

"Ile honi ilikuwa yako," Mbuyi akasema polepole.

"Ndiyo."

Nikangoja ngumi. Jamani, afadhali ingekuja! Alikuwa amechoka hata hawezi kukasirika. Hakumwambia mtu mpaka leo.

"Piga tena, pole pole. Mudogo anaipendaka. Pengine atalala."

Nikafungua mdomo. Ikatoka hewa tu.

Wachekeshaji wenzangu, mtanieni mwalimu, mtanieni hata haya masikio yangu makubwa. Lakini kabla hamjamwinua mtu asiye na nyumba pale alipokaa, jiulizeni kwanza: akirudi, atakaa wapi?