Nilivyomuua Baba kwa Kidole

Mimi ndiye yule dada wa Bagara, hapa Babati, aliyemuua baba yake kwenye simu. Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na majirani, maana wao wanaongeza chumvi.

Kazi yangu ya kujifurahisha ni hii: naangalia tamthilia kwenye simu, nikipenda sura naipiga skrinishoti, halafu kwa kidole napaka rangi juu yake taratibu mpaka inaonekana kama picha ya rangi ya mafuta. Basi, kuna mzee mmoja kwenye tamthilia alikufa, nikamlilia, nikamchora. Masikio yakanishinda (masikio ni magumu jamani, asikudanganye mtu), nikaona niyafunike na kofia, na kofia ninayoijua mimi ni ile ya baba yenye manyoya pembeni. Nikaiweka picha stetasi asubuhi na maneno, "Lala salama mzee wetu, umetuachia pengo," simu ikazima chaji, nikaichomeka ukutani nikaenda zangu sokoni kununua dagaa.

Kurudi nakuta turubai nyumbani, mabenchi, akina mama wamejifunga kanga wanachambua mchele. Jirani yetu Mama Neema akanidaka getini, "Jikaze mwanangu, baba yako ametutoka."

Nilipiga yowe nikaangusha dagaa wote! Baba alikuwa ameenda shambani Mutuka tangu alfajiri, na simu yake huwa haipatikani, sasa ningebishaje? Nimelia mpaka sauti imekauka ndipo nikauliza, amekufaje? Mama Neema akanishangaa: "Si wewe umetutangazia?" Akanionyesha stetasi yangu mwenyewe.

Hapo ningesema, yangeisha. Lakini mlangoni akawa anaingia shangazi, dada mkubwa wa baba, miaka minne hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba, na baba kila siku anajifanya hajali wakati namwona anavyoumia. Shangazi akajitupa chini: "Mdogo wangu, nilikukosea! Mpaka ni wako, niliusogeza mimi!" Nikasema moyoni, acha kwanza amalize. (Akili zangu hizo.) Nikawa nalia naye kwa bidii, safari hii bila machozi.

Hajamaliza, bodaboda ikasimama, baba akashuka na mkungu wa ndizi, kofia kichwani. Akavua kofia kwa heshima.

"Poleni jamani. Nani amefariki?"

Mtu mmoja kwenye mabenchi akasema, "Wewe, mzee."

Shangazi akainuka, akajikung'uta vumbi, akamwangalia kuanzia miguuni hadi kichwani. "Kumbe u mzima?" Alisema kwa hasira kabisa! "Basi niliyosema nilimwambia marehemu. Wewe sijakwambia kitu." Akapanda bajaji, hata chai hakunywa.

Baba nikamweleza yote huku nimepiga magoti. Hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi la msiba wake, akauliza polepole, "Alisema mpaka ni wangu? Kuna mtu alisikia?"

Akina mama wote wakainamia mchele. Mimi nilisikia kila neno, lakini baada ya stetasi ile, nani Babati hii angepokea ushahidi wangu?

Siku hizi nachora vijana tu, tena wanaocheka, na chini naandika kwa herufi kubwa: HUYU NI WA KWENYE TAMTHILIA, MSIJE.