Gereji ya Spana

Walipoiba betri ya gari lake, Mama Honi alinyamaza. Walipoiba vioo vya pembeni, alilia kidogo, akanunua vingine. Lakini asubuhi aliyotoka akakuta kioo cha nyuma kimepondwapondwa na viti viwili vimeng'olewa, hakulia wala hakunyamaza. Alitukana. Aliwatukana wezi, akawatukana waliowazaa, akamtukana na mbwa wa jirani, anayembwekea paka usiku kucha lakini mwizi akija analala fofofo. Mtaa mzima ulisikia, na wengi hawakuwa wanajua kwamba mjane yule mpole ana maneno ya aina ile kifuani.

Jina la Mama Honi alipewa na watoto wa shule aliokuwa akiwabeba. Kila asubuhi akifika nyumbani kwa mtoto alipiga honi mbili fupi na moja ndefu, na ole wake ambaye bado anatafuta kiatu chini ya kitanda. Gari hilo, basi dogo la rangi ya maziwa lenye mlango wa kusukuma, ndilo alilomwachia marehemu mumewe. Nyumba hakumwachia. Walikuwa wakiishi vyumba viwili vya uani kwenye kiwanja cha baba mkwe, vyumba ambavyo mzee mwenyewe aliwajengea walipooana. Mume alipofariki, hakuna aliyemwambia Mama Honi kaa, na hakuna aliyemwambia ondoka. Akakaa tu, yeye na binti yake, roho juu juu. Alilipa umeme wake, akafagia ua wote hata pasipo pake, ili asije mtu akasema.

Sasa gari likishindwa kuondoka asubuhi, wazazi wa watoto nao wana kazi zao. Mmoja alimwambia bila kumzungusha, "Mama Honi, tunakupenda, lakini mwanangu juzi kakosa kipindi cha kwanza. Ikitokea tena nitatafuta gari jingine." Mama Honi akajua mchezo umekwisha. Gari likiendelea kulala nje, ataamka siku moja akute limebaki bodi. Ilibidi apate gereji.

Baba mkwe alikuwa fundi mwashi, mtaani wakimwita Mzee Timazi, kwa sababu ile kamba yenye risasi ya kupimia ukuta haikutoka mfukoni mwake hata alipokwenda msibani. Ukimkaribisha chai, kabla hajakaa anaangalia kuta zako. "Huu umelewa," anasema, na chai yako anakunywa. Aliposikia habari ya viti kuibwa, alikuja mpaka mlangoni kwa mkwewe, akasimama nje kama ilivyo heshima yake, akapiga kikohozi.

"Mwanangu, tutajenga. Wewe lete saruji na mchanga, tofali tutafyatua hapa hapa. Mkono ni wangu, hunilipi."

"Asante, baba. Lakini mgongo wako?"

"Mgongo uache. Njoo uone."

Alikuwa ameshavuta kamba. Kutoka ukuta wa vyumba viwili vya Mama Honi hadi uzio wa barabarani, nyeupe, imenyooka, imefungwa kwenye vijiti vinne. Alimwonyesha kwa kidole. Hapa msingi, hapa nguzo ya nondo, hapa lenta ya juu ya mlango. Kisha akafika kwenye uzio na kuupiga kofi.

"Na hapa tutatoboa. Unaweka geti lako mwenyewe. Ukiingia, ukitoka, hupiti kwa mtu."

Mama Honi aliitikia kila kitu. Ndiyo baba, sawa baba. Lakini aliogopa, na nitakuambia hofu hiyo ilitoka wapi. Dada yake wa tumbo moja alijenga jiko na tangi la maji ukweni kwake, kwa jasho lake, kwa kuuza maandazi. Ndoa ilipovunjika, wakwe walimwambia, "Ni mali yako, hatukatai. Ng'oa uende nayo." Utang'oaje tangi la zege? Dada aliondoka na sufuria zake, na mpaka leo anakaangia maandazi kwenye baraza ya kupanga. Ndiye aliyempigia simu jioni ile.

"Mdogo wangu, usithubutu kumwaga saruji kwenye ardhi ya watu. Umesikia? Kaburi la mumeo halijaota hata majani, unawajengea!"

"Ni mzee mwenyewe ndiye anataka, dada."

"Kwa nini asitake? Hiyo gereji itakuwa ya nani wewe ukiondoka?"

Swali hilo Mama Honi alilala nalo, akaamka nalo, akalibeba pamoja na watoto kwenye gari.

Hapo ndipo alipoingia Shemeji Rangi. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mwenye duka la rangi barabara kuu, mtu wa shati jeupe na maneno laini, anayejua kumsalimia kila mtu kwa habari zake. Sikumpenda hata kidogo, naomba niliseme mapema. Alimkuta Mama Honi akifuta kiti kilichotapikiwa na mtoto, akachukua kitambaa akamsaidia.

"Shemeji, siku hizi nani bado anahangaika na gereji ya tofali? Utakula vumbi, mafundi watakuibia saruji, na mzee wetu yule utamwua. Ziko za kiwandani, zinakuja tayari. Mimi nitakupeleka ukaone. Mwanamke mwenye akili kama wewe hahitaji kuambiwa mara mbili."

Akamvika kilemba cha ukoka, na Mama Honi, ambaye tangu azikwe mumewe hakuna aliyemwambia ana akili, akakivaa.

Walikwenda. Gereji zilisimama kwenye uwanja wa changarawe, zimepangwa safu, kila moja na mlango wake wa kukunjika juu. Nguzo za chuma zilizopakwa rangi ya kuzuia kutu, kuta za bati nene, kila kiungo kina nati na boliti. Hakuna msingi, inakaa juu ya vipande vya zege vinavyolazwa chini tu. Muuzaji alizivuta nguzo, akazitikisa, akapiga bati ngumi. Halafu akasema neno ambalo huenda aliwaambia wateja wote wa siku ile.

"Na uzuri wake, mama, ukihama unahama nayo. Spana moja tu, asubuhi moja, umemaliza."

Mama Honi alisikia moyo unatulia. Bei ilikuwa kubwa kuliko ya tofali, na ingembidi ajibane, lakini kitu kitakuwa chake. Hakuna mtu atakayemwambia ng'oa, kwa sababu atang'oa kweli. Shemeji Rangi akasema usafiri atalipa yeye. Jamani, mtu akubebee mzigo na gharama juu, utamshuku kwa lipi?

Kazi ngumu ikabaki kumwambia mzee. Alimkuta uani anachekecha mchanga, ambao aliununua kwa pesa yake bila kumwambia mtu. Suruali imejaa vumbi, na usoni ana furaha ambayo hakuwa nayo tangu msiba. Mama Honi alitamani ardhi impasukie.

"Baba, nimeona nichukue ile ya kuunganisha."

Chekecheo likasimama.

"Ile ya spana?"

"Ndiyo, baba. Nisikuchoshe."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Akaweka chekecheo chini. Akaangalia upande wa nyumba kubwa, ambako mwanawe mkubwa alikuwa anakunywa chai na mama yake dirishani. Akasogea karibu, karibu kuliko alivyowahi kusogea kwa mkwewe, akashusha sauti.

"Mwanangu, sikia. Weka msingi. Mtu akiwa na msingi wake mahali, si rahisi kumsumbua."

"Nani atanisumbua, baba, na wewe upo?"

Mzee alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini dirisha likafunguliwa na Shemeji Rangi akachungulia, anacheka.

"Baba! Mwache shemeji achague. Gari lake, pesa yake!"

Mzee Timazi akageuka. Alikwenda akang'oa vijiti vyake kimoja kimoja, akaikunja kamba, akaiweka mfukoni. Mama Honi alimwangalia akajiambia mzee amekasirika kwa kukosa gereji ya bure, kwamba dada alisema kweli. Alikosea, na kosa lake ni la mtu aliyeshaona mwenzake akiungua. Mimi ningekosea vilevile.

Gereji ikaletwa, mafundi wawili wakaifunga, jua halijawa kali gari likawa ndani. Majirani wakaja kushangaa mlango unavyokunjika. Wezi wakahamia kwa wengine. Mama Honi hakuchelewa tena hata siku moja, akaongezewa watoto, akarudisha viti, akalala usingizi wa mtu mzima. Usinielewe vibaya, gereji ile ilikuwa nzuri. Mzee alipita siku moja, akaweka timazi yake kwenye nguzo, akatazama. "Imenyooka," akasema, akaenda zake. Hakuizungumzia tena.

Kiharusi kilimpiga akiwa bafuni. Alikaa hospitali siku chache, upande mmoja wa mdomo umeanguka, maneno hayatoki. Mama Honi alikuwa akimpitia kila mchana kabla ya kuchukua watoto, akimlisha uji kwa kijiko, na mzee alimshika mkono kwa ule mkono mzima, akambana mpaka ukauma, akihangaika kusema kitu. "Pumzika, baba," alimwambia. "Pumzika tu." Akapumzika kweli.

Wageni wa msiba walipoondoka, Shemeji Rangi aliita kikao sebuleni. Alikuwa amevaa shati jeupe, amepanga viti mwenyewe, na alianza kwa kumsifu Mama Honi alivyomwuguza mzee. Mama Honi angepaswa kujua hapo hapo. Hakujua.

"Tusigombane kama familia nyingine," shemeji alisema. "Tufuate haki. Kila aliyejenga kwa jasho lake kwenye kiwanja hiki, anabaki alipojenga. Mdogo wangu huyu wa mwisho kajenga chumba na choo, pale ni pake, hakuna wa kumgusa. Nyumba kubwa ni ya mama maadamu yupo. Vile vyumba viwili vya uani alijenga marehemu baba, kwa hiyo ni vya familia, tutavipangisha tumsaidie mama."

Alimgeukia kwa upole kabisa.

"Na wewe, shemeji, gereji ni yako, hakuna mtu atakayekunyima hata nati moja. Tutakusaidia kuifungua. Mtoto ni damu yetu, mlango uko wazi kwake siku zote. Ila wewe bado kijana, una maisha yako mbele."

Shemeji mdogo aliangalia sakafu. Mama Honi aliyakumbuka yale matusi ya asubuhi ile ya wezi, akaona hapa hayafai. Huyu aliyekuwa mbele yake hakuvunja kioo. Alikuwa amemsaidia kuchagua.

Alimfuata mama mkwe jikoni. Bibi alikuwa anaosha vikombe ambavyo vilishaoshwa.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Mzee alikuwa anajua. Huyu kijana wetu mkubwa alianza kukiongelea kiwanja mumeo akiwa bado mgonjwa. Mzee akasema, nitamjengea yule mkwe wetu kwa saruji yake mwenyewe, mtaa mzima uone saruji ni yake, nimtobolee na geti. Wakija kugawa, wagawe wakimkuta ameshika ardhi."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Akwambie nini?" Bibi alisimamisha mikono ndani ya maji. "Amwambie mkwewe, wanangu niliowazaa watakutupa nje nikifa? Mzee yule alikuwa na aibu. Alijaribu, akashindwa."

"Na wewe, mama? Mbona hukuniambia?"

Bibi hakumtazama.

"Mimi ninabaki na nani humu ndani?" akasema, akachukua kikombe kingine.

Mama Honi alitoka, akaketi kwenye kiti cha dereva ndani ya gereji yake, akalia. Alimlilia mumewe, akamlilia zaidi mzee yule aliyembana mkono hospitalini, huku yeye akimwambia pumzika. Akajichukia. Alikuwa amekwepa kuwajengea watu, na kumbe mtu mmoja alikuwa anamjengea yeye.

Siku iliyopangwa, Shemeji Rangi alikuja na vijana wawili na boksi la spana mpya, na soda za kuwapa. Mama Honi hakukubali wamfanyie. Alichukua spana, akaanza na mlango. Nati ziliachia bila shida, maana zilipakwa grisi vizuri. Bati zikashushwa, zikafungwa kwa kamba, nguzo zikalazwa. Majirani walikuja tena, safari hii wakasimama mbali. Mchana ulipoingia, kila kipande kilikuwa juu ya lori, na magodoro na sufuria za Mama Honi juu yake.

Dereva wa lori alipanda, akawasha, akatoa kichwa dirishani.

"Tunapeleka wapi, mama?"

Kwa dada hapakuwa na nafasi ya hata baiskeli. Mama Honi alilitazama lori, akamtazama yule dereva anayesubiri, akaona hana pa kumtajia. Akamwambia azime injini kidogo. Kwanza yeye na basi lake wawafuate watoto wa watu shuleni, binti yake akiwamo, kengele ilikuwa imeshalia.