Bega la Msimamizi wa Shabaha

Tangu daktari amkataze kufyatua, msimamizi wa uwanja wa shabaha huishika tu bunduki yake ya mitutu miwili. Huipangusa, huitia risasi mbili, kisha huifunga taratibu, akiusikiliza mlio wa chuma kama anayepokea habari njema. Wageni wakimuuliza bunduki ipi tamu kuliko zote, huwakabidhi hiyo, na kila wanapofyatua, bega lake bovu hurudi nyuma.

Leo mgeni mmoja alifyatua mtutu wa kulia, teke lake likamshinda, akairudisha bunduki. Msimamizi akautazama wa kushoto, uliobaki na risasi, akameza mate.

“Baba watoto, usithubutu!” mkewe, aliyekuwa akiwaandikisha wageni, akamkemea.

“Basi umalizie wewe.”

Mkewe akaipokea kwa hasira, akalenga, akafyatua. Bega la msimamizi likarudi nyuma.

“Tia nyingine,” mkewe akasema.