Nilitolewa Nje Kabla ya "Lakini"

Chekeni kwanza mmalize, ndipo nianze, maana najua nusu yenu habari hii mmeshaisikia huko mtaa wa Bordesley Green, hapa hapa Birmingham, ikiwa imetiwa chumvi, eti nilipanda juu ya kiti, eti nilimpungia leso askofu. Sikupanda kiti chochote. Nilichofanya nitakisema kwa mdomo huu huu ulionitia aibuni: nilipiga kigelegele ndani ya Bunge la Juu la Uingereza, kikateremka mpaka kwa waheshimiwa chini, nikatolewa nje. Hiyo ni aibu ya kwanza, na kwa hiyo mnaweza kunicheka mpaka mchoke. Ya pili ilikuwa inanisubiri kanisani kwetu Acocks Green, na hiyo ndiyo inayouma.

Kwa asiyenijua, mimi ni Wakesho, Mtaita wa Wundanyi, natunza wazee majumbani kwao upande wa Shard End, nawaogesha, nawapa dawa, nawapikia ile chai yao isiyo na sukari wala tangawizi (chai ya mgonjwa, lakini ndiyo waipendayo). Binti yangu Mghoi yuko Kenya kwa mama yangu. Nilimwacha akiwa na pengo la meno ya mbele, sasa ananisahihisha Kiingereza kwenye simu. Watu wenye visa kama yangu hatuna ruhusa ya kuleta watoto, ndiyo sheria, na nikiulizwa namba ya nyumba yangu naweza kubabaika lakini sheria hiyo nitakutajia hata nikiwa usingizini.

Basi siku moja kanisani zikaja habari kwamba mama mmoja wa Bunge la Juu, lile la waheshimiwa wasiopigiwa kura, ameandika pendekezo ndani ya mswada fulani: watunza wazee waruhusiwe kuja na watoto wao. Aliyeliona ni Baba Ilunga, Mkongomani anayetupigia kinanda, ambaye hufuatilia bunge mtandaoni namna wanaume wengine wanavyofuatilia mpira. Kina mama wakasema aende mtu London akaketi juu kule wanapokaa wageni, ili waheshimiwa wajue wanaozungumziwa wana sura. Nani aende? Kila mtu akaanza kuangalia viatu vyake. Nami, kwa kuwa nilikuwa na siku yangu ya mapumziko na kwa kuwa siwezi kuvumilia ukimya (ni ugonjwa, najua), nikainua mkono.

Bi Salma akasema hataniacha niende peke yangu. Bi Salma ni jirani yangu, mtu wa Unguja, fundi wa nguo, watoto wake wote wamezaliwa hapa Birmingham na ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, kwa hiyo pendekezo lile halikumhusu hata kwa mbali. "Mwanao si mjukuu wangu?" akaniambia, na akanishonea gauni la kitenge cha manjano ili, alivyosema, tuonekane. Kuonekana, tulionekana.

Mlangoni tulipekuliwa, simu tukaamriwa tuzizime, na kule juu tukapokewa na mzee mmoja aliyevaa koti jeusi lenye mkia, kifuani amening'iniza nishani ya dhahabu inayong'aa, nami nikadhani ndiye Spika, nikamkunjia goti kidogo (kumbe ni bawabu, na akanikunjia na yeye, Mungu ambariki). Akatueleza masharti kwa sauti ya chini: hakuna kuongea, hakuna kupiga makofi. Mnasikia? Makofi. Vigelegele hakuvitaja, na hilo nitalishikilia mpaka kaburini.

Nilidhani tutakwenda moja kwa moja kwenye jambo letu. Wapi! Kwanza walianza na maswali, na siku hiyo kila kitu cha nchi hii kiliulizwa: maji machafu ya mitoni, treni zinazochelewa, watoto wasiopata daktari wa meno, kisha popo. Ndiyo, popo, wanaolala kwenye mapaa ya makanisa ya zamani, je, wahamishwe au waachwe na vifaranga vyao? Nimesema vifaranga, sijui mtoto wa popo anaitwaje, lakini walimjali. Mmoja alisema haifai kumtenga popo na mwanawe. Bi Salma, ambaye Kiingereza chake ni cha kupimia nguo lakini akili yake ni ya kupimia watu, akaniinamia sikioni.

"Wakesho, hao popo wana visa gani?"

Niliuma leso nisicheke, na nadhani kile kicheko nilichokimeza ndicho kilichonivurugia mambo baadaye, maana kitu ukikizuia kooni hakiendi mbali.

Mwishowe likafika letu. Akasimama yule mama mwenye pendekezo, amevaa koti la kijani, mwembamba, sauti haitetemeki, akasimulia habari za mwanamke anayemlaza bibi wa Kiingereza kitandani, anamfunika vizuri, anazima taa, halafu anakwenda kuketi kwenye kituo cha basi kumwimbia mwanawe kwenye simu. Sijawahi kumwona mama yule, lakini kituo kile nakijua, ni cha Shard End, na kiti chake kimevunjika upande mmoja. Bi Salma akanishika mkono.

Baada yake wakaanza kusimama mmoja mmoja. Askofu mwenye mikono mipana myeupe, naunga mkono. Mzee wa fimbo, ambaye alisema mkewe alitunzwa na Mkenya mpaka pumzi ya mwisho, naunga mkono. Mama mwingine wa upande wa pili kabisa, ambaye nilimwogopa kwa sura, naye naunga mkono. Sasa nyinyi mnajua kwetu mambo yanakwendaje. Iwe baraza la chifu, iwe harambee, iwe kikao cha posa: wa kwanza akiunga mkono, na wa pili, na wa tatu, na hakuna aliyenyanyuka kupinga, jambo limepita, linalobaki ni wanawake kulifunga kwa vigelegele ili lisirudi nyuma. Na mfungaji ni mimi. Niambieni, ni arusi gani ya Wakenya Birmingham iliyofungwa bila ulimi wangu?

Akasimama waziri. Akamshukuru mama wa koti la kijani, akamsifu, akawashukuru wote, akasema serikali inawathamini mno watu wanaotunza wazee, na kwamba yeye binafsi, baada ya kusikia maneno ya leo, ameguswa sana. Mtu wa serikali! Amesimama mbele ya kila mtu kusema ameguswa! Nikamwona Mghoi anashuka kwenye ndege na pengo lake la zamani, nikasahau bawabu, nikasahau popo, kikatoka.

Sitakidharau kigelegele changu eti kwa kuwa kilinitia aibuni. Kilikuwa kizuri. Kilipanda, kikazunguka kwenye yale mapambo ya dhahabu, kikashuka, na vichwa vyote vyenye mvi vikageuka juu kwa pamoja, waziri akabaki amefungua mdomo na karatasi yake mkononi. Askofu alitabasamu, hilo niliona kwa macho yangu. Kisha nikaona nishani ya dhahabu imesimama pembeni yangu, na mzee wa koti jeusi, kwa heshima zote, ananionyesha mlango. Bi Salma akainuka naye, akajitanda mtandio vizuri, akamwambia kwa Kiswahili safi kana kwamba yule mzee amezaliwa Malindi (ya Unguja, msichanganye), "Tunakwenda baba, usitusukume, furaha haina adabu." Na hakuwa ametusukuma.

Nje, kabla hata pumzi haijanirudia, nikawasha simu.

"Una hakika, mwanangu?" akaniuliza Bi Salma. "Mie sikuona mtu akihesabu."

"Bi Salma, watu wote wameunga mkono, utahesabu nini tena?"

Nikatuma ujumbe wa sauti kwa grupu ya kina mama, na kwa mama yangu Wundanyi: "Imepita! Serikali imesimama yenyewe ikasema imeguswa! Fungeni mabegi ya watoto!" Nikajibu simu za pongezi mpaka chaji ikaisha, nikapanda basi la Birmingham nikiwa natabasamu peke yangu dirishani kama bibi arusi.

Tulipofika kwenye ukumbi wa kanisa Acocks Green, nilikuta wametandika leso kutoka mlangoni mpaka mbele. Leso mpya, nyingine zina alama za mkunjo. Nikavua viatu nikapita juu yake, kina mama wananishangilia, pilau inanukia, nami nikashika maikrofoni nikasimulia kila kitu, na nilipofika kwenye kigelegele nikakipiga upya ili waliokosa wasikose. Nikamgeukia Baba Ilunga anipe kinanda. Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Dada Wakesho, pardon," akasema, akasimama. "Ile mambo haikupita. Ulitoka mbele ya mwisho, bado banasema. Ministre alisema ameguswa, kiisha akasema 'lakini'. Akasema mulefu sana. Kiisha ule mama mwenyewe akashukuru bote, akaondosha pendekezo yake."

"Aliondoa yeye? Mwenyewe? Wote walimwunga mkono!"

"Njo desturi yabo. Siku ya kwanza banasema tu, hawapige kura. Ataweza kuirudisha siku ingine. Nilikuita kwa simu, haikuingia. Nikaona haya kuandika kwa grupu, nikangojea wewe ufike."

Yaani alinionea haya kwenye grupu, akaja kunivua nguo kwenye maikrofoni! Nilikuwa nimesimama pekupeku juu ya leso za watu, gauni la manjano, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Natamani ningesema ardhi ilipasuka, lakini ardhi ya Acocks Green ni ngumu. Halafu nikaisikia sauti ndogo.

"Mama?"

Mama Mchungaji alikuwa ameshika simu yake juu muda wote, kwa wema wake alitaka kunishtukiza. Kwenye kioo alikuwapo Mghoi, na nyuma yake bibi yake amejifunga leso kichwani, wote macho makavu. Walikuwa wamesikia kila neno.

"Mghoi, mama, hukulala?"

"Nimempa Mkala kitanda changu," akasema. Mkala ni binamu yake, hulala kwenye godoro chini. "Nilidhani nakuja. Ameshalala."

Hapo nililia, sitaki kusema nilijikaza. Nililia mbele ya kanisa zima. Mtoto akaningoja nimalize, kisha akauliza, "Kwa hiyo hawakukataa?"

Nikamwangalia Baba Ilunga. Akatikisa kichwa: hawakukataa.

"Hawakukataa, mama. Watarudia."

"Utaenda tena?"

"Nitaenda."

"Na watakutoa tena?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi mwenyewe nikacheka na kamasi zangu. Bi Salma akaninyang'anya maikrofoni akasema waheshimiwa waliowaonea huruma popo hawatashindwa kumhurumia mtoto wa mtu, na kwamba pilau haingoji waziri, tukale. Tukala. Hakuna aliyekunja leso yake mpaka watu walipotawanyika.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba huku mtu akikusifu sana, akakushukuru, akasema ameguswa, basi ukae vizuri, usikilize, neno lenyewe bado linakuja. Na nimeapa: sitapiga tena kigelegele kabla waziri hajamaliza sentensi yake. Lakini naye ajue kuna watu wanangoja aimalize. Baba Ilunga ameahidi kuniambia siku pendekezo litakaporudishwa. Gauni la manjano nimelifua, limetundikwa. Na siku watakapohesabu tukashinda, yule mzee wa koti jeusi aje na wenzake, maana siku hiyo peke yake hataniweza.

Mama aliniuliza juzi kama amrudishe Mkala kwenye godoro. Nimemwambia asimtoe. Kitanda kile kimeshapewa mtu.