Bomba la Moshi la Mamangu

Juzi, kwenye hoteli ndogo ya Mji wa Kale, nilimkuta fundi akiunganisha jiko jipya la kuni na bomba la moshi la zamani. Aligonga bomba, masizi yakamwagika, na harufu yake ikanirudisha nyumbani kwetu.

Mamangu alipokuwa hai, nami bado mtoto, kila nikitoka chuoni kusoma Kurani nilitazama juu ya paa. Nikiona moshi nilijua yupo, anakaanga mahamri. Alipofariki hatukupika, majirani ndio waliotuletea chakula cha matanga. Bomba likakaa bila moshi, nami nikaamini kwamba siku litakapofuka tena, mama amerudi.

Alasiri moja likafuka. Nilipanda ngazi mbio, juzuu kifuani, nikiita, "Mama! Mama!"

Jikoni alikuwako baba peke yake. Jiko bovu la mama alikuwa amelitoa akaweka jipya, bomba akaliacha lile lile. Iliki ilinukia vile vile. Mahamri yalikuwa yameungua, na macho ya baba yalikuwa mekundu.

"Walia, Baba?"

"La, mwanangu. Ni moshi tu. Bomba hili limezeeka, larudisha moshi ndani."

Nilimwamini miaka yote hiyo. Juzi nikamuuliza yule fundi atajuaje kama bomba kuukuu larudisha moshi.

"Tazama ukuta nyuma ya jiko," akanijibu. "Utakuwa mweusi."

Kwetu ukuta ule ulibaki mweupe mpaka siku tuliyohama.