Vitanda vya Ardelia

Ardelia Mungin alikuwa na vyumba vitano na mdomo mmoja wa kulisha, wake mwenyewe. Nyumba ilikuwa ya babu yake, kisiwani huko pwani ya Karolina Kusini, milango imepakwa buluu ya kufukuzia mashetani. Mashetani hawakuja, na watu nao hawakuja. Mwaka baada ya mwaka alilipa kodi ya ardhi peke yake, akaziba paa, akafyeka majani. "Mlipaji ndiye mwenyewe," alijiambia.

Thubutu! Babu hakuacha wosia, baba naye vivyo hivyo. Watu wa kisiwa kile wanaamini kuandika wosia ni kukibishia kifo hodi. Basi ardhi ikawa ya ukoo mzima, hadi vitukuu waliotawanyika Detroit na Filadelfia, kila mmoja na fungu lake lisilo na mpaka. Desmond, mtoto wa kaka yake, akaliuza lake kwa kampuni ya hoteli. Kampuni nayo ikakimbilia mahakamani: ardhi haigawanyiki, iuzwe yote.

Ardelia akampigia simu. "Desmond, baba, umeniuzia nyumba yangu?"

"Shangazi, nimeuza changu tu."

"Chako kiko wapi? Jikoni au chooni?"

Desmond akacheka.

Wakili aliyemwendea naye hakumficha. "Mama, risiti ya kodi si hati. Una fungu kama wenzio. Ukiweza kununua mafungu ya wote, nyumba ni yako."

Angeyanunua kwa pesa gani, kwa bamia za bustanini? Hakimu akaamuru mnada.

Habari zikaja kwamba ukoo wote utahudhuria. Na Mungu amsamehe, Ardelia alifurahi! Akafua shuka, akatandika vitanda vyote, akapika wali mwekundu na kaa. Asubuhi ya mnada magari yakajaa uani, watoto wakakimbizana barazani, kicheko kikafika hadi darini. Tangu mazishi ya mama yake nyumba ile haikuwahi kuwa na kelele namna hiyo.

"Shangazi, mkono wako haujachacha!" Desmond alisema, akiongeza sahani ya pili bila haya.

"Kula, mwanangu. Kingine ni cha usiku."

Kabla ya adhuhuri, kule mahakamani, kampuni ilikwishainunua nyumba. Ndugu wakatia sahihi kupokea fedha za mafungu yao, wakakumbatiana ngazini pa mahakama, wakaanza kutafuta funguo za magari.

"Mnakwenda wapi?" Ardelia akauliza. "Nimewatandikia."

Desmond akatazama viatu vyake. "Tunasafiri leo leo, Shangazi. Pole kwa nyumba. Najua uliipenda."

Ardelia akamfunga kifungo cha koti kilichokuwa wazi, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kurudi kwake.

"Ningejua kuuza ndiko kutakakowaleta," akasema, "ningeuza zamani."